Dietrich Bonhoeffer: mchungaji wa amani aliyeingia katika njama ya kumuua Hitler

Asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1945, katika kambi ya Flossenbürg, kusini mwa Ujerumani, askari wa SS walimnyonga mchungaji mmoja mwenye umri wa miaka 39. Vita vilikuwa vinamalizika. Wamarekani waliifikia kambi hiyo siku 14 tu baadaye, na Hitler alijiua tarehe 30 ya mwezi huohuo. Mchungaji huyo ni Dietrich Bonhoeffer.

Alikuwa mtu aliyehubiri amani na kupinga vita mbele ya makanisa ya Ulaya. Hata hivyo alikufa kwa sababu ya kushirikiana na maofisa waliotaka kumuua kiongozi wa nchi yake. Aliwadanganya polisi, alibeba karatasi zisizo za kweli, na alitamani jeshi la taifa lake lishindwe. Tena alikuwa akiandika kitabu juu ya maadili, yaani juu ya namna mtu anavyoweza kujua lililo jema na kulifanya.

Je, alivunja mafundisho yake, ama aliyatimiza? Zaidi ya miaka 80 imepita, na wanatheolojia bado wanajadiliana. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtu mmoja alivyolipima swali hilo hatua kwa hatua, wakati kila njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa na ubaya ndani yake.

Mtoto wa profesa

Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław, nchini Poland. Alikuwa mtoto wa sita kati ya wanane. Sabine, pacha wake, alimfuata. Baba yao, Karl, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na mwaka wa 1912 familia ilihamia Berlin alikopewa kazi ya uprofesa. Mama yao, Paula, aliwafundisha watoto masomo ya kwanza pale nyumbani.

Haikuwa familia ya kwenda kanisani kila Siku ya Mungu. Lakini mwaka wa 1918 kaka yao Walter aliuawa vitani Ufaransa, na mama yao alivunjika moyo kwa muda mrefu. Miaka michache baadaye Dietrich, akiwa bado kijana mdogo, alitangaza kwamba atasoma theolojia. Kaka zake walimcheka, wakiona kanisa ni jambo dogo lisilofaa kumpotezea mtu akili. Yeye aliendelea. Mwaka wa 1927, akiwa na miaka 21, alipata udaktari wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Mwaka wa 1930 alienda kusoma New York. Huko mwanafunzi mwenzake mweusi, Frank Fisher, alimpeleka katika kanisa la Wabatisti la Abyssinian, mtaa wa Harlem. Bonhoeffer alifundisha watoto wa mtaa huo siku za Jumapili, na kwa mara ya kwanza akaona kwa macho yake namna watu wanavyobaguliwa kwa rangi yao. Rafiki mwingine, Mfaransa Jean Lasserre, alimfundisha kuchukua Mahubiri ya Mlimani kama amri ya kutii, hata pale inapomtaka Mkristo asishike silaha dhidi ya mwenzake. Kwa kijana wa Kijerumani aliyempoteza kaka yake mikononi mwa Wafaransa, urafiki huo haukuwa mwepesi. Lakini ulimbadilisha.

Kosa la kwanza

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler aliingia madarakani. Siku mbili baadaye Bonhoeffer alizungumza kwenye redio juu ya hatari ya kiongozi anayegeuzwa sanamu na wafuasi wake. Matangazo yalikatika kabla hajamaliza.

Mwezi wa Aprili serikali ilitoa sheria ya kuwafukuza watu wenye asili ya Kiyahudi katika kazi za utawala, na kikundi kikubwa ndani ya kanisa kilitaka sheria hiyo iwaguse wachungaji pia. Bonhoeffer aliandika makala iliyotaja hatua tatu ambazo kanisa linaweza kuchukua. Ya kwanza ni kuiuliza serikali kama matendo yake ni halali. Ya pili ni kuwasaidia walioumizwa, hata kama si Wakristo. Ya tatu, inayokuja tu wakati mbili za kwanza hazitoshi, ni kulizuia gurudumu lenyewe lisiendelee kuwasaga watu.

Lakini mwezi huohuo, yeye mwenyewe alishindwa katika hatua ya pili. Baba mkwe wa pacha wake Sabine alifariki. Alikuwa Myahudi ambaye hakubatizwa, na familia ilimwomba Dietrich aongoze mazishi. Aliomba shauri kwa mkubwa wake kanisani. Huyo alimwonya asifanye hivyo wakati kama ule. Bonhoeffer alikataa kuzika. Miezi michache baadaye aliwaandikia Sabine na mume wake akiomba msamaha, akisema hawezi kuelewa ni woga gani uliomkamata.

Tukio hilo ni dogo ukililinganisha na mambo yaliyofuata. Lakini lilimfundisha kwamba mtu anaweza kuwa na mawazo sahihi kwenye karatasi, kisha akayapoteza siku moja mbele ya mlango wa ndugu zake. Alikuwa amefuata utaratibu wa kanisa, lakini ndugu zake waliachwa peke yao.

Seminari iliyofungwa na polisi

Mwishoni mwa mwaka wa 1933 alienda London kuchunga makanisa mawili ya Wajerumani. Huko alipata rafiki mkubwa, askofu George Bell wa Chichester. Mwaka wa 1934, katika mkutano wa makanisa kwenye kisiwa cha Fanø, Denmark, aliwataka Wakristo wa nchi zote wakatae kwa sauti moja kuchukua silaha wao kwa wao. Wengi waliona anaota ndoto.

Mwaka wa 1935 alirudi nyumbani kuongoza seminari ya Kanisa la Ungamo, lile lililokataa kutawaliwa na wafuasi wa Hitler. Seminari ilikuwa Finkenwalde, na vijana waliishi pamoja kwa sala, masomo na kazi. Gestapo, polisi ya siri, waliifunga mwaka wa 1937. Mwaka huo alitoa kitabu chake juu ya kumfuata Kristo, akipinga imani isiyomgharimu mtu kitu.

Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto katika Ujerumani nzima, na maduka ya Wayahudi yakavunjwa. Bonhoeffer aliandika tarehe ya usiku ule katika Biblia yake, pembeni ya Zaburi ya 74. Sabine na familia yake walikuwa wamekwisha kukimbilia Uingereza.

Kukaa ama kurudi

Mwaka wa 1939 alitazamia kuitwa jeshini. Kukataa kungemletea kifo, na kungeliweka kanisa lake lote hatarini. Kukubali kungekuwa kupigania utawala alioupinga. Marafiki zake wa Marekani, akiwemo mwanatheolojia Reinhold Niebuhr, walimfungulia mlango. Alifika New York katikati ya Juni. Alikuwa na kazi, chumba na usalama.

Hakukaa hata mwezi mmoja. Alimwandikia Niebuhr kwamba hatakuwa na haki ya kusaidia kuijenga upya Ujerumani baada ya vita kama hatashiriki mateso ya wananchi wake. Alieleza pia kwamba Wakristo wa Ujerumani wanapaswa kuchagua: ama watamani nchi yao ishindwe ili ustaarabu uokoke, ama watamani ishinde na ustaarabu ufe. Alijua atakalochagua, lakini aliona hawezi kulichagua akiwa amekaa mahali pa salama. Mwezi wa Julai alipanda meli kurudi.

Si kwamba aliyekimbia alifanya kosa. Pacha wake alikimbia, na yeye mwenyewe alimsindikiza. Jibu lake halikuwa sheria ya watu wote. Lilitoka katika nafasi yake, kazi yake na wale aliokuwa akiwajibika kwao.

Mkono ulioinuliwa

Juni 1940 Bonhoeffer alikuwa ameketi kwenye mkahawa katika mji wa Memel pamoja na rafiki yake Eberhard Bethge. Redio ikatangaza kwamba Ufaransa imeanguka. Watu walipanda juu ya viti, wakaimba na kuinua mikono kwa salamu ya Hitler. Bethge alishangaa kumwona Bonhoeffer ameinua mkono pia. Alimwambia rafiki yake kwa sauti ya chini ainue na wake, kwa maana kuna mambo ya kujihatarisha kwayo, lakini salamu ile siyo mojawapo.

Miezi michache baadaye, Hans von Dohnanyi, mume wa dada yake Christine, alimwingiza katika idara ya ujasusi ya jeshi. Idara hiyo iliongozwa na Admirali Wilhelm Canaris. Ndani yake, Dohnanyi na ofisa Hans Oster walikuwa wakipanga kuuangusha utawala. Kwa nje, Bonhoeffer alikuwa mjasusi anayetumia marafiki zake wa kanisa kupata habari. Kwa kweli alikuwa mjumbe wa wapinzani. Mwaka wa 1942 alikutana na askofu Bell huko Sigtuna, Uswidi, akampa majina ya wakuu wa njama ayafikishe kwa serikali ya Uingereza. London haikutaka kujibu.

Mwaka huohuo kikundi chake kilivusha watu 14, wengi wao wenye asili ya Kiyahudi, hadi Uswisi. Karatasi zao zilionyesha kwamba ni wajasusi wa Ujerumani. Ulikuwa uongo uliopigwa muhuri na serikali, na uliwaokoa.

Je, uongo unaweza kuwa wema? Mwaka wa 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba mtu hana ruhusa ya kudanganya, hata kama muuaji anabisha mlango akimtafuta rafiki yako aliyejificha ndani. Bonhoeffer alikataa. Baadaye, akiwa gerezani, alitoa mfano wa mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa kama ni kweli baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto anakana. Bonhoeffer aliona kwamba kosa ni la mwalimu, maana hana haki ya kuiingilia nyumba ya watu namna ile. Jibu la mtoto ni uongo, ila ndani yake lina ukweli zaidi kuliko kama angemfichua baba yake. Kusema kweli, kwake, kulikuwa pia kujua nani anauliza, kwa haki gani, na nani ataumia.

Kitabu ambacho hakikumalizika

Toka mwaka wa 1940 alikuwa akiandika kitabu chake juu ya maadili. Ndani yake, na katika barua aliyowapa wenzake wa karibu Noeli ya mwaka wa 1942, aliwapima watu wema wa wakati wake na kuonyesha kwa nini walishindwa mbele ya Hitler.

Mtu wa akili alidhani mazungumzo mazuri yatarekebisha kila kitu, akapondwa katikati ya pande mbili. Mwenye msimamo mkali alishambulia kama fahali anayekimbilia kitambaa chekundu, akamsahau anayekishika. Mtu wa dhamiri alitaka tu moyo wake usimsumbue, mwisho akaudanganya moyo wenyewe. Mtu wa wajibu alitimiza amri, na anayetimiza amri tu atafika siku moja ya kumtumikia shetani. Aliyejiamini kuwa huru alikubali baya ili kuzuia baya zaidi, bila kujua lipi ni lipi. Na mtu wa wema wa binafsi alijifungia nyumbani, haibi, haui, lakini hufumba macho mbele ya anayeonewa.

Basi nani husimama? Jibu lake lilikuwa kwamba ni yule anayejibu kwa Mungu kwa ajili ya wenzake, hata kama kujibu huko kunamletea hatia. Aliona kwamba anayetafuta kwanza mikono safi, wakati jirani anauawa, anajipenda kuliko anavyompenda jirani.

Hapa pana hatari, naye aliiona. Maneno kama hayo yanaweza kumpa kila muuaji kisingizio. Huku kwetu, ambako kila kundi linaloshika silaha linasema linatetea raia, hatari hiyo tunaijua vizuri. Lakini Bonhoeffer aliweka mpaka. Hakusema kamwe kwamba kuua kumegeuka kuwa kwema. Inasimuliwa kwamba shemeji yake Dohnanyi alimwuliza juu ya neno la Yesu kwa wale wanaotwaa upanga. Alijibu kwamba neno hilo linawahusu na wao, na kwamba wakati ule ulihitaji watu watakaokubali hukumu hiyo. Yeye mwenyewe hakutega bomu. Kazi yake ilikuwa kubeba ujumbe na kuwashauri wale ambao dhamiri iliwasumbua.

Ukilipima jambo hilo kwa mifano yake, unaona tofauti. Alikuwa amejaribu njia nyingine kwa miaka: mahubiri, makala, seminari, msaada kwa waliofukuzwa. Hakutafuta cheo wala mali. Aliyelipia uamuzi wake alikuwa yeye na ndugu zake, si wakaaji wa kijiji fulani. Na hakuomba mtu amwite shujaa.

Gereza na mlango uliokuwa wazi

Tarehe 5 Aprili 1943 Gestapo walimkamata. Fedha zilizotumwa Uswisi kwa ajili ya wale watu 14 zilikuwa zimewafikisha kwa Dohnanyi. Bonhoeffer alikuwa amechumbia msichana, Maria von Wedemeyer, miezi mitatu tu kabla.

Alikaa mwaka mmoja na nusu katika gereza la Tegel, Berlin. Katika mahojiano alijifanya mchungaji asiyejua mambo ya jeshi, akawafunika wenzake. Baadhi ya walinzi walimpenda, wakampitishia barua kwa Bethge.

Tarehe 20 Julai 1944 bomu la Kanali Claus von Stauffenberg lilimkosa Hitler. Miezi miwili baadaye polisi walipata faili za siri za Dohnanyi. Mlinzi mmoja alikuwa tayari kutoroka pamoja na Bonhoeffer, na familia ilikuwa imeleta nguo za fundi wa kumvalisha. Lakini mwanzoni mwa Oktoba kaka yake Klaus alikamatwa. Dietrich aliacha mpango wote. Kama angetoroka, Klaus, wazazi na mchumba wake wangelipa. Miaka mitano kabla alikuwa ameacha usalama wa New York. Sasa aliacha tena mlango ulio wazi, kwa sababu ileile.

Alihamishwa katika gereza la Gestapo, kisha kambi ya Buchenwald. Siku ya Mungu, tarehe 8 Aprili 1945, aliongoza ibada ndogo kwa wafungwa wenzake katika shule ya kijiji cha Schönberg. Alipomaliza tu, askari waliingia wakaita jina lake. Usiku huo, huko Flossenbürg, mahakama ya SS ilimhukumu bila wakili. Alfajiri alinyongwa pamoja na Canaris, Oster na wengine. Dohnanyi aliuawa mwezi huohuo, vilevile Klaus na mume wa dada mwingine, Rüdiger Schleicher. Wazazi walipoteza watoto wawili na wakwe wawili. Habari za Dietrich walizithibitisha mwezi wa Julai, waliposikia kwenye redio ya BBC ibada ya kumkumbuka iliyoongozwa na askofu Bell.

Sheria ilichelewa

Baada ya vita, Wajerumani wengi waliwaona wapinzani wale kama wasaliti. Mwaka wa 1956 mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi ilimwachilia Otto Thorbeck, jaji wa SS aliyemhukumu Bonhoeffer, kwa hoja kwamba alifuata sheria za wakati ule. Ilichukua hadi mwaka wa 1996 kwa mahakama ya Berlin kutangaza wazi kwamba hukumu zile hazina uhalali. Kwa miaka 40 basi, kwenye karatasi, muuaji alikuwa ndani ya sheria na aliyeuawa alikuwa nje yake.

Bethge alikusanya sura za kitabu cha maadili na kuzichapisha mwaka wa 1949, kisha barua za gerezani mwaka wa 1951. Zilisomwa sana Afrika Kusini na wachungaji waliopinga ubaguzi wa rangi, kama Beyers Naudé.

Mwaka wa 1998 sanamu za mashahidi kumi wa karne ya 20 ziliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London. Bonhoeffer yuko pale. Katika safu hiyohiyo yuko jirani yetu, askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa mwaka wa 1977 baada ya kulaumu mauaji ya utawala wa Idi Amin. Mmoja alipinga kwa barua na sauti, mwingine alifika hadi kwenye njama. Hakuna aliyeacha jibu moja la kufuata kila mahali. Wote wawili waliacha swali ambalo kila mwenye mamlaka, na kila anayenyamaza mbele yake, atalazimika kulijibu: anayeonewa ni nani, nami niko wapi wakati anaonewa?